Aliyeruka Msiba

Nambua alikuwa akikunja mikeka ya msiba wakati mwanawe wa pekee alipotua uani, joho jekundu likipepea kama anavyochorwa kwenye vitabu vya katuni.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

Nambua aliuweka mkeka chini. Alimtazama uso ule ulionawiri, usio na dalili ya kukesha matanga.

"Ulikuwa wapi, Elisante? Baba yako tumemzika bila wewe."

"Nilipopata taarifa niliziruka siku za msiba, nikatua leo. Vilio siviwezi, mama. Uwezo wa kuruka siku ninao, kwa nini niteseke?"

"Umemruka baba yako kama dimbwi la maji machafu! Na mimi uliniachia nani?"

Jirani aliyekuwa akisuuza sufuria akaguna. Elisante akaona aibu.

"Basi narudi nyuma sasa hivi hadi siku ya mazishi, nikamzike."

Akatoweka, na kabla Nambua hajashika mkeka mwingine, alikuwa amesharudi akitabasamu.

"Tayari. Nilikuwepo. Hebu kumbuka."

Nambua akakumbuka, maana sasa jambo hilo lilikuwa limeshatokea. Wanaume walikuwa wakipokezana beleshi kufukia kaburi. Beleshi lilipomfikia Elisante, alimpa binamu yake. Akasimama kando, mkono mmoja ukiwapungia waliompiga picha, mwingine ukiinua pindo la joho lisiguse udongo.

"Umeniona, mama?"

"Nimekuona."

Elisante akapiga magoti, akainamisha kichwa ili ambariki. Nambua akashika ncha ya kanga yake, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kisha akarudi kukunja mikeka.