Msalaba Mbele ya Jina

Profesa alipofika kwenye marejeo ya makala yake, kalamu ilisita. Hesabu zote alizifanya kwa programu ambayo mwenzake aliiandika na kuigawa bure, akiomba jambo moja tu: atakayeitumia amtaje.

Kavugho, mke wa mwenzake huyo, alisimama nyuma ya kiti, kanga yake ikinuka samaki wa chumvi aliowauza sokoni.

"Papa profesa, jina yake utaiweka? Mimi nauza hata njiti ya kiberiti moja moja. Yeye akagawa kichwa yake bure! Bon, angalau mumutaje."

"Nitamtaja."

"Na uandike adresi yetu ya Kabondo. Akirudi, atajibu barua za watu."

Tangu mizinga ya majeshi ya kigeni inyamaze, Kavugho alikuwa akimngoja mumewe. Lakini mume aliuawa, na profesa ndiye aliyemfumba macho kabla ya kumfukia katika shimo la wengi. Ukope mmoja ulikataa kushuka. Mpaka leo hakuwa amemwambia mjane.

Lakini mapadre walikwisha kumfunza kwamba jina la marehemu haliandikwi bila msalaba mbele yake. Kunyamaza aliweza. Kuandika uongo hakuweza.

Aliandika jina, mwaka, programu, na anwani ya Kabondo. Kisha akarudi mwanzo wa mstari, akachora msalaba mdogo, polepole.

Mikono ya Kavugho ikakamata mgongo wa kiti.

"Papa," akasema, "ile msalaba, ifute."