Udongo wa Zizini

Bibi Pelagia alikuwa amelala chali juu ya kaburi, mpini wa jembe kifuani. Aliyetaka kuchimba aanze na yeye.

"Bibi, inuka," alisema Mchungaji Niyomwungere. "Unatuaibisha mbele ya mgeni."

Mgeni alikuwa mama wa Kizungu, ametoka Uingereza kuja kuchukua mifupa ya Askofu Aldwini, ndugu wa babu wa babu yake. Askofu huyo alikuwa mtoto wa lodi, kabaila wa huko kwao. Enzi za Malkia Viktoria aliacha kasri na farasi wake, akaja kufa kwa homa huku Heru Juu. Kwao walikwishamjengea kaburi la marumaru.

"Aibu?" Bibi alifoka. "Aibu ni wewe na hao vijana wako na masururu yao. Mwenye damu ya kifalme anachimbuliwa kama muhogo? Nani kati yenu aliwahi kung'oa hata jani moja hapa? Babu yangu alipalilia, baba akapalilia, mimi mgongo umepindia hapahapa. Leo amekuja mgeni, ndiyo mnakumbuka kuna kaburi. Hamna haya."

Uzalendo ukamshinda Mchungaji. "Wewe ambaye kanisani hukanyagi hata Krismasi? Mwami wetu, mfalme wa Waha wote wa hapa, alikufa mwaka uleule na huyu askofu. Wakoloni walilitafuta kaburi lake walivunje, na mpaka leo hakuna ajuaye lilipo. Huyo humlilii. Unamlilia Mzungu!"

Bibi aligeuka, akaukumbatia msalaba wa jiwe kwa mikono yote.

"Basi nizikeni naye."

Vijana wakaweka masururu chini. Nani atamkanyaga bibi kizee wa watu? Mama wa Kizungu alikuwa anafuta machozi. Akasema, na Mchungaji akatafsiri shingo upande, kwamba huko kwao hakuna ambaye angempigania askofu namna hii. Abaki. Yeye aliomba udongo tu, kiganja kimoja, akauzike kwenye lile kaburi la marumaru.

"Wa hapa hapana," alisema Bibi.

Akainuka, akajikongoja mpaka kwenye zizi lake la mbuzi. Akawasukuma mbuzi pembeni, akachimba kwa jembe, akarudi na kopo la udongo mweusi unaonuka mikojo.

Mchungaji aliziba pua. "Mtoto wa lodi unampa kinyesi cha mbuzi? Roho mbaya gani hii, Bibi?"

"Mwambie udongo ndio huo. Asipoutaka auache."

Mgeni aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Gari likaondoka na mgeni, vijana na Mchungaji aliyenuna, vumbi jekundu likatua kwenye maharage.

Bibi alisubiri mpaka mlio ukapotea kabisa. Kisha akapiga magoti mbele ya msalaba, akapiga makofi taratibu, kama wazee wa Kiha walivyowaamkia watawala wao.

"Mwami, wameondoka," alisema. "Nimewapa udongo wa kaburi la askofu wao mwenyewe, wa palepale zizini babu alipomzika, kabla hajaung'oa msalaba wake na kuja kuusimika hapa ili akufiche wewe."