Kimraba Kwenye Lebo

Muuguzi alipomaliza kumchoma mtoto wa tisa, akainua chupa ya chanjo aitupe. Ndipo akaiona lebo. Kimraba cha kupimia joto, kinachopaswa kuwa cheupe, kilikuwa kimekoza rangi, tiii. Chanjo ilishaharibiwa na joto. Amewaliza watoto tisa kwa maji matupu.

Asubuhi foleni ilimzidi, kimraba hakukitazama.

Mama wa mwisho alikuwa mlangoni, pamba bado imeganda pajani mwa mwanawe.

"Asante, dada. Mtoto wa jirani amelazwa kwa kifaduro. Leo na mimi nitapata usingizi."

"Mama mtoto..."

Mama akageuka, uso umemnawiri. "Abee?"

Chupa nyingine haikuwepo, mpaka mwezi ujao.

"Mshikilie pamba vizuri," akasema muuguzi.