Mke wa Raia

Kwa mara ya tatu Selina aliinuka kwenye benchi la Uhamiaji mjini Singida, akaenda hadi mlangoni, akachungulia ndani, akarudi kukaa. Mumewe akamvuta upindo wa kitenge.

"Tulia, wewe. Wakikuona unahangaika hivyo watasema una jambo."

Jambo alikuwa nalo.

Miaka ishirini na minne ilikuwa imepita tangu Bonifasi Mazengo amtoe Kigoma na kumleta Manyoni, yeye binti wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa amevuka kuja kumuuguza shangazi yake. Selina alijifunza Kigogo mpaka watu wakakoma kumsengenya mbele yake. Alilima uwele, akazaa watoto watatu, akazika mmoja. Kila baada ya miaka miwili alikwenda kuhuisha kibali chake cha ukaazi. Na kila walipogombana, hata kama ugomvi wenyewe ni wa chumvi iliyozidi kwenye mlenda, Bonifasi alimaliza kwa neno lile lile: "Nitakupandisha treni urudi kwenu."

Mwanzoni Selina alicheka. Baadaye alilia. Mwaka jana aliacha yote mawili, akaenda mwenyewe Uhamiaji kuuliza mke mgeni wa Mtanzania anapataje uraia. Akishapata cheti, hatapandishwa treni na mtu. Chumba alikwishapata Itigi, jirani na binti yake, na cherehani ilikwishatangulia. Bonifasi aliambiwa imepelekwa kwa fundi.

Bonifasi hakulipinga ombi. Kubembelezwa saini kulimpendeza. "Bila mimi hapati kitu huyu," aliwaambia majirani, akasaini kila alipoonyeshwa. Kitu kimoja tu kilimshinda: cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa. Hakuwa nacho, kama wazee wengi wa umri wake. Wakaambiwa walete japo nakala ya daftari la ubatizo. Wiki ya kwanza alisema atakwenda parokiani kesho. Wiki ya sita alikuwa bado anasema kesho.

"Nani asiyenijua Manyoni hii?" Bonifasi alifoka alipokumbushwa. "Mwana wa Mazengo wa reli, leo nikatafute karatasi?"

Selina akaenda mwenyewe. Katekista Antipasi alishusha daftari la zamani, akapitisha kidole kwenye mistari, akakisimamisha kwenye mmoja, akainua macho kumtazama Selina. Kisha akanakili taratibu, akagonga muhuri, akaifunga bahasha kwa gundi.

"Mzee anajua umekuja?"

"Anajua," Selina alidanganya.

"Haya. Mkabidhi afisa hivyo hivyo, imefungwa."

Asubuhi ile, wakiwa safarini kwenda Singida, ndipo alipomwonyesha mumewe ile bahasha. Bonifasi aliitazama, akageukia dirishani mpaka waliposhuka.

"Selina na mumewe!" sauti iliita.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani. Alimwamkia Bonifasi shikamoo, akamkaribisha kiti, kisha akamgeukia Selina na maswali. Mikoa inayopakana na Singida? Selina akaitaja. Rangi za bendera na maana zake? Akazieleza. Afisa alikuwa akiandika huku akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Mnaishi nyumba moja?"

"Ndiyo, mama."

"Ndoa ina amani?"

Selina akaukaza upindo wa kitenge. Aliwahi kusikia kuwa mke akidanganya juu ya ndoa, ombi linatupwa na mwenyewe anasindikizwa mpakani.

"Ina amani," alisema.

"Amani tele," Bonifasi akadakia. "Nimemtunza. Wengine wangekwishamrudisha kwao zamani."

Afisa akamwangalia kidogo. Akaichana bahasha aliyokabidhiwa na Selina, akasoma. Akasoma tena. Akainuka, akatoka na karatasi ile, akakaa huko muda ambao Selina aliuona ni wa kutwa nzima. Nje ya mlango zilisikika sauti mbili zikinong'ona. Nimeonekana Itigi, Selina akawaza. Mtu ameiona cherehani ikishushwa.

Afisa aliporudi hakuketi.

"Mama, ombi lako haliwezi kuendelea."

Selina akajisogeza mbele. "Nisamehe," akasema. "Nitasema kweli yote. Kile chumba…"

"Chumba gani?" Bonifasi akauliza.

"Ngoja, mama," afisa akamkatiza. "Wewe hujaulizwa kitu." Akaiweka karatasi mezani, akaigeuzia upande wa Bonifasi. "Mzee, tusomee hapa."

Bonifasi hakuisogelea. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye kalenda, kama mtu anayehesabu siku.

Afisa akasoma mwenyewe, polepole: "Mwaka 1963. Bonifasi, umri miaka miwili. Amezaliwa Rumonge, Urundi. Baba na mama, wote watu wa huko. Mama amefika kwa treni na mtoto mgongoni, ameolewa na Mazengo wa reli."

Nje mtu alicheka, pikipiki ikawashwa, ikaondoka.

"Uliwahi kuomba uraia wa Tanzania, mzee?"

Bonifasi akatikisa kichwa.

"Hata kibali cha ukaazi?"

Akatikisa tena.

Afisa akavuta kiti, akaketi, akachukua fomu mpya. "Mama Selina, wewe usiogope, kibali chako bado kina mwaka mzima. Humu ndani mgeni asiye na kibali ni mzee."