Kata Kushoto, Baba Chiriku

Walipoupita ule mzunguko wenye saa mbovu kwa mara ya tatu, Baba Chiriku alipunguza mwendo, akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Mama Chiriku, hii saa tumeshasalimiana nayo."

"Kata kushoto," alisema mkewe. Alikuwa ameishika simu yenye ramani, kioo kikimwelekea yeye. Sauti ya yule mwanamke wa ramani alikuwa ameizima. Alisema inampigia kelele.

Baba Chiriku akakata kushoto. Alikuwa ameendesha malori ya mizigo tangu ndevu hazijamwota mpaka zikaota mvi, na hajawahi kupotea. Leo, ndani ya gari dogo la kuazima kwa shemeji yake, alikuwa anazunguka mji wa watu kama ngamia wa kinu. Na mji wenyewe, barabara zake nyingi ni za kwenda tu bila kurudi, vibao vimemezwa na matawi, na madereva wake wanakupigia honi taa haijawaka kijani.

Walikuwa wanakwenda hospitali. Mtoto wao wa pekee, fundi umeme, alikuwa ameteleza juu ya paa la ghala akaanguka. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza, na jina likawagandia wazazi nao. Jana jioni daktari alisema upasuaji umekwenda vizuri. Mkono ndio utakaochelewa kupona.

Basi mama yake, ambaye ni fundi cherehani, akamshonea shati. Mkono wa kushoto aliuacha wazi toka begani hadi kiganjani, ufungwe kwa vifungo, ili plasta ngumu ipate kupita. Vifungo vya mwisho alikuwa akivishonea garini, huku akimhimiza mumewe.

"Kanyaga, bwana. Unaendesha kama umebeba mayai."

Walipotoka kituo cha mafuta, pale mji unapoanzia, alilikunja shati na sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye uzi. Alisema barabara ina mashimo. Hapo kituoni mumewe, akiwa ameinama anapima upepo wa matairi, alikuwa amemwona mkewe kupitia dirisha akiongea na simu.

"Dada yako," mkewe alimwambia alipoingia garini. "Anauliza tumefika wapi."

Tangu hapo haraka ilikuwa imemwisha.

"Polepole," alisema sasa. "Hospitali haikimbii." Kisha, walipokuwa wamesimama watoto wa shule wavuke, akasema, "Hebu nihadithie ile siku alipokuibia lori."

"Si unaijua?"

"Nihadithie."

Baba Chiriku akamhadithia. Mtoto hata meno ya mbele hana, akapanda lori lililoegeshwa nyuma ya nyumba, akaachia breki ya mkono. Lori likateremka taratibu mpaka likaegemea banda la kuku la jirani. Jirani kutoka mbio, anakuta kichwa kimechomoza dirishani kinamwambia, "Shikamoo. Nimeleta mzigo, weka sahihi."

Baba Chiriku alicheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa shati lake. Mkewe hakucheka. Alikuwa anamtazama usoni, haachi.

"Ulimchapa?"

"Nimchape na nini? Nilikuwa nimejificha nyuma ya banda, mbavu sina kwa kucheka."

"Nihadithie nyingine. Kata kushoto hapo."

Akamhadithia nyingine. Wakapita soko, wakapita reli, wakapita tena duka la mbao lenye mlango mwekundu. Ulimi ukazidi kumlegea mzee wa watu.

"Akitoka, simwachi arudi kwenye mapaa," alisema. "Namtafutia kibanda pale karibu na sisi, atengeneze redio na pasi zake. Ataongea na wateja mpaka wasahau walichokuja kuchukua. Unaonaje?"

"Vizuri," alijibu mkewe, akageukia dirisha. "Ni jambo zuri."

Ule mzunguko ukajitokeza tena mbele yao. Safari hii Baba Chiriku hakungoja ramani. Alisimama kando ya mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka, akashusha kioo.

"Samahani, dada. Hospitali kuu ni wapi?"

"Mbona iko nyuma yenu, baba? Ule ukuta mrefu mweupe. Nimewaona mkiupita, mkarudi, mkaupita."

Baba Chiriku akashukuru, akapandisha kioo huku akitikisa kichwa.

"Mke wangu, ungekuwa utingo wangu, saruji ya watu tungeipeleka harusini."

Akashika gia ageuze gari. Mkono wa mkewe ukatua juu ya wake, ukaubana hapo hapo. Ulikuwa wa baridi.

"Tuzunguke tena, Baba Chiriku," alisema. "Aliyenipigia kule kituo cha mafuta alikuwa daktari. Mimi mwanangu ameshanitoka. Nilitaka wewe ukae naye kidogo."