Redio ya Mhando Haikulia

Sheria inasema mwokoaji asisikie mwito wa nyumbani kwake, eti mkono wa ndugu hutetemeka. Waliotunga hayo sijui mama zao wanaishi wapi. Mimi ndiye fundi wa redio za waokoaji wa kata yetu, na ya mume wangu Mhando niliifungia namba ya nyumba yetu, isilie kamwe kwa mwito wetu, kwa mikono yangu mwenyewe.

Leo asubuhi mama mkwe alibanwa kifua jikoni. Nikabonyeza kitufe cha ukutani cha kuwaita waokoaji. Mhando alikuwa zamu, ametoka kwenda kunyolewa hapo mtaani, redio kiunoni, simu kaiacha kituoni kama wanavyotakiwa. Mwito ukaenda kwa wenzake, ng'ambo ya mto.

Majirani wakataka kumbeba mama wampeleke zahanati. Akawakatalia.

"Niacheni. Mwanangu ataisikia redio. Yuko hapo tu, anakuja."

Mimi nilijua redio ile haitalia. Ningeanzia wapi kumwambia?

Wa ng'ambo walipofika, tulikuwa tumeshamfunika kanga hadi usoni.

Mara Mhando akaingia kwa mlango wa uani, kichwa kinang'aa, mkate kwapani.

"Leo shwari, mke wangu," akasema. "Redio haijalia hata mara moja."