Simu Kutoka Kiwanda cha Mbao

Simu ilipoita, Matei aliinuka kwenye benchi, kisha akakaa tena. Alikuwa amekuja karakanani kwa mwajiri wake wa zamani, fundi seremala Mzee Komba, kumwomba jambo moja tu: watu wa kiwanda alikoomba kazi wakipiga, asiwaambie habari ya kifafa.

"Ndiyo, namfahamu," Mzee Komba alisema kwenye simu. "Alinifanyia kazi miaka sita. Hachelewi, haibi, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu."

Matei alishusha pumzi.

"Kwa nini aliacha?" Mzee alirudia swali aliloulizwa. Akapangusa vumbi la mbao mezani, taratibu, mpaka meza ikawa safi. "Kwani ninyi mmempangia kazi gani?"

Alisikiliza jibu, akaifunika simu kwa kiganja.

"Wanasema msumeno mkubwa, ule wa kupasulia magogo."

"Mzee wangu, nina watoto," Matei alinong'ona. "Na tangu nianze dawa sijaanguka."

"Hapa ulianguka umeshika msasa, Matei. Siyo msumeno."

"Kwa hiyo utawaambia?"

"Ugonjwa ni wako, siwezi kuutangaza mimi. Lakini kudanganya nako siwezi." Alimnyooshea simu. "Waambie mwenyewe. Waambie na kazi nyingine unazoziweza."

Matei aliipokea kwa mikono miwili.

"Haloo?" mtu wa kiwandani aliita. "Mzee, bado upo?"

Matei aliisogeza sikioni. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kitufe cha kukatia simu.